Sikulijua Jina la Berklavs

Mama muuza mikate alikuwa haongei. Kila jioni niliingia dukani kwake, hatua chache kutoka bweni letu mjini Riga, nikaonyesha kwa kidole mkate mweusi, ule mzito wenye uchachu na mbegu za kisibiti. Niliweka kopeki zangu kwenye kisahani, nikasema asante kwa Kirusi, nikatoka. Yeye alinipa mkate na kutazama pembeni. Nikajisemea moyoni kwamba huyu hapendi watu weusi. Dhana hiyo nilikaa nayo mwaka mzima.

Jioni moja ya Novemba 1984, mwanafunzi mwenzangu, kijana Mlatvia, alifuatana nami hadi mlangoni. Kabla hatujaingia akaninong'oneza: "Leo usiseme spasibo. Sema paldies." Nikasema hivyo. Mama yule alisimama na mkate mkononi, akaniomba nirudie. Nikarudia. Akamwita mwenzake aliyekuwa nyuma ya pazia aje asikie, nikasema mara ya tatu, nao wote wawili wakaitikia kwa pamoja: "Lūdzu." Kisha akaurudisha mkate ule rafuni, akaenda nyuma, akaniletea mwingine uliokuwa bado na joto la tanuri.

Ilikuwa ni kusema asante tu, kwa lugha ya mwenye nyumba. Nilikuwa nimekaa mjini mwao zaidi ya mwaka na sikuwa nimejifunza hata hilo.

Naandika haya nikiwa mtu mzima wa mvi, kwa sababu ya mwanasiasa mmoja ambaye jina lake halikutajwa mbele yangu hata mara moja katika miaka yangu mitano ya Riga. Aliitwa Eduards Berklavs. Alikuwa mkomunisti wa Kilatvia, tena si mkomunisti wa kubabaisha. Aliyoyataka yalikuwa madogo kiasi kwamba kwetu Tanzania yasingemshangaza mtu: kwamba anayemhudumia mwananchi aijue lugha ya mwananchi huyo. Kwa hilo alivuliwa madaraka na kuondolewa nchini mwake.

Berklavs alizaliwa tarehe 15 Juni 1914 Kurzeme, magharibi mwa Latvia, wiki chache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Latvia ilipojitangazia uhuru tarehe 18 Novemba 1918, yeye alikuwa mtoto wa miaka minne. Akiwa kijana alijiunga na vijana wa kikomunisti waliofanya kazi kwa siri, wakati chama hicho kilikuwa marufuku. Mei 1934 Kārlis Ulmanis alilifunga bunge na kuanza kutawala peke yake, na kwa vijana kama Berklavs imani ile ikazidi kukolea. Waliamini kwamba mfanyakazi akishika nchi, dhuluma itakwisha. Sina haki ya kuwacheka. Sisi nasi tulikulia katika nchi ya Azimio la Arusha, na imani ya namna hiyo tuliijua ladha yake.

Juni 1940 jeshi la Kisovieti liliingia Latvia, na nchi ikamezwa na Muungano wa Kisovieti. Wajerumani wakaja mwaka 1941, wakaondolewa kwa vita vikali, Wasovieti wakarudi. Baada ya vita Berklavs aliongoza jumuiya ya vijana wa chama, akawa Katibu wa Kwanza wa chama katika mji wa Riga, na baadaye Naibu Mwenyekiti wa Baraza la Mawaziri la Latvia ya Kisovieti. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye ofisi, gari na sauti.

Hapa lazima niseme lililo chungu. Tarehe 25 Machi 1949 utawala huo huo ulikusanya zaidi ya watu 42,000 nchini Latvia, wengi wao wakulima na familia zao, vikongwe na watoto wakiwamo. Wakapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo na kupelekwa Siberia. Berklavs alikuwa miongoni mwa viongozi wa utawala ule. Anayemkumbuka kwa heshima, kama mimi leo, asikwepe tarehe hiyo. Mkono uliokuja kuitetea Latvia ulikuwa umeutumikia kwa miaka mingi utawala ulioiumiza.

Lakini mtu huweza kufumbua macho. Stalin alikufa Machi 1953, na mwaka 1956 Nikita Khrushchev akasimama mbele ya mkutano mkuu wa chama na kukiri makosa ya mtangulizi wake. Katika upepo huo Berklavs na wenzake, akina Vilis Krūmiņš na mchumi Pauls Dzērve, waliitazama nchi yao upya. Wakaona nini? Kabla ya vita, katika kila watu wanne nchini watatu walikuwa Walatvia. Hesabu ya mwaka 1959 ilionyesha wamebaki asilimia 62. Vita, mauaji na Siberia vilikuwa vimewapunguza, na viwanda vipya vilikuwa vikileta wafanyakazi kwa maelfu kutoka Urusi na jamhuri nyingine. Maofisa wa jeshi waliostaafu walipewa nyumba Riga. Mwananchi aliyekwenda kwa daktari, polisi au posta alimkuta ofisa asiyejua lugha yake, wala asiyeona haja ya kuijua.

Mwishoni mwa mwaka 1956 viongozi hao wakachukua hatua. Walitaka watumishi wa chama na serikali wajifunze Kilatvia katika muda wa miaka miwili. Uongozi wa Riga ukabana vibali vya ukaazi, kwa sababu mji ulikuwa umefurika na nyumba hazikutosha. Dzērve na wachumi wenzake wakashauri vijengwe viwanda vinavyotumia mali ghafi iliyopo nchini na mikono iliyopo nchini, badala ya viwanda vizito vinavyoagiza chuma kutoka mbali, vinaagiza na watu wa kukifua, kisha bidhaa zenyewe zinasafirishwa kurudi kule kule.

Hakuna kati yao aliyesema tuvunje Muungano, na hakuna aliyeutukana ukomunisti. Walikuwa wana wa chama waliodhani chama kinamaanisha kinachosema kuhusu usawa wa mataifa.

Juni 1959 Khrushchev alifika Riga. Wapinzani wa Berklavs, na wakuu wa jeshi miongoni mwao, walikuwa wamekwisha kuyaandaa malalamiko: kwamba Warusi wanabaguliwa, kwamba uzalendo wa kibepari umeinua kichwa. Tarehe 7 na 8 Julai Kamati Kuu ya chama cha Latvia ikakaa, na waliokuwa wakimpigia makofi jana wakasimama mmoja mmoja kumshutumu. Baada ya hapo fagio lilipita nchi nzima kwa miaka kadhaa. Hukadiriwa kwamba watu wapatao 2,000 walipoteza nyadhifa zao. Asante ya punda ni mateke, na Berklavs aliipokea kutoka kwa chama alichokitumikia tangu ujanani.

Aliyefaidika na anguko hilo alikuwa Mlatvia mwenzake, Arvīds Pelše. Yeye alikuwa katibu wa itikadi, na Novemba 1959 akawa Katibu wa Kwanza wa Latvia. Chini yake hata Jāņi, sikukuu ya kiangazi ambayo Walatvia huwasha mioto na kuimba usiku kucha tangu enzi za mababu, ilibanwa isisherehekewe hadharani. Mwaka 1966 Pelše alipanda hadi Politburo, uongozi wa juu wa chama, huko Moscow, akaongoza pia Kamati ya Udhibiti ya chama hadi alipofariki Mei 1983, akazikwa ukutani mwa Kremlin.

Mimi nilifika Riga Septemba mwaka huo huo, nikitoka Kiev kwenye mwaka wa matayarisho wa kujifunza Kirusi. Jina la Pelše lilikuwa limetoka kubandikwa kwenye Chuo cha Ufundi cha Riga, picha yake ikiwa bado ukutani. Nilimjua Pelše kabla sijajua mto unaokatiza mji unaitwaje. Huo ndio ulimwengu niliousoma: aliyeinama alipewa chuo, aliyesimama hakupewa hata mstari kwenye kitabu.

Mstari mmoja ulikuwapo, ila haukumtaja jina. Katika somo letu la siasa tulifundishwa kwamba mwaka 1959 chama cha Latvia kilisahihisha makosa ya kizalendo yaliyojitokeza katika uongozi. Sentensi ikaishia hapo. Niliinakili, nikaikariri, nikaitema kwenye mtihani, nikapewa tano, ambayo ndiyo alama ya juu kabisa kule. Sikuuliza makosa hayo yalikuwa yapi. Mimi, mtoto wa Tanga, niliyekuwa darasani Januari 1967 wakati Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alipotangaza kwamba Kiswahili kitumike katika shughuli za serikali! Nawakumbuka wakubwa wakilizungumza barazani kwa fahari, kwamba sasa mzee wa kijijini ataingia ofisini na kueleza shida yake bila mkalimani. Tulichokishangilia sisi ndicho alichoadhibiwa Berklavs, nami nikaandika kwa mkono wangu kwamba lilikuwa kosa.

Bwenini kwetu alikuwapo bibi mlinzi wa mlango, tuliyemwita Shangazi kwa Kirusi kama wote walivyomwita. Alikuwa Mrusi, mjane, aliyeletwa Riga baada ya vita kufanya kazi katika kiwanda cha VEF, kilichotengeneza simu na redio, na ambacho kiliajiri karibu watu 20,000 katika siku zake nzuri. Alitupenda kama wajukuu. Nilipougua mafua ya kifua, alinichemshia maziwa kwa asali usiku kucha. Nilinunua redio ya VEF kwa sababu ya sifa alizozimwaga, na redio hiyo ndiyo iliyonishikisha idhaa za Kiswahili za mbali na kunipunguzia upweke. Siku moja nilimuuliza kama anajua Kilatvia. Akajibu bila chuki yoyote: "Cha nini, mwanangu? Hapa wote wanaelewa Kirusi." Alikuwa amekaa Riga miaka thelathini na saba.

Hakuwa mtu mbaya. Aliambiwa kwamba yuko nyumbani, na hakuna aliyemwambia kwamba nyumba ina wenyewe. Wale ambao wangemwambia mapema, kwa upole, na kwa miaka miwili ya masomo ya jioni, walikuwa wamekwisha kufukuzwa ofisini mwaka 1959.

Wakati huo Berklavs alikuwa wapi? Kutoka kwenye kiti cha Naibu Mwenyekiti wa Baraza la Mawaziri alipelekwa Vladimir, mashariki ya Moscow, kusimamia ofisi ya kusambaza filamu. Mtu aliyekuwa akijadili mustakabali wa nchi akapewa kuhesabu mikebe ya filamu inayokwenda kwenye kumbi za wilaya. Alirudi Latvia mwaka 1968. Angeweza kukaa kimya, apokee pensheni yake, acheze na wajukuu. Badala yake alishiriki, naye hutajwa kuwa mwandishi mkuu, katika kuandika kwa siri waraka ulioitwa barua ya wakomunisti 17 wa Latvia. Uliwafikia wenzao wa nchi za nje, na mwaka 1972 ukajulikana Ulaya Magharibi. Ulieleza kwa mifano na tarakimu jinsi taifa linavyoyeyushwa: viwanda gani vimejengwa, wageni wangapi wameletwa, ofisi zipi hazisemi neno la Kilatvia. Baada ya hapo chama kikamfukuza kabisa.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa ule wa mwaka 1956 haukuzibwa. Hesabu ya mwaka 1989 ilikuta Walatvia wamebaki asilimia 52 katika nchi yao, na katika mji wa Riga asilimia 36 na ushei. Kufikia hapo haikuwa tena suala la masomo ya jioni.

Juni 1987 tulisikia minong'ono kwamba watu wamethubutu kuweka maua kwenye Mnara wa Uhuru, ule wa mita 42 wenye mwanamke anayeinua nyota tatu juu ya kichwa chake. Niliupita karibu kila siku, nikijua tu kwamba kuweka maua pale ni kujitafutia Siberia. Barabara yake wakati huo iliitwa Lenin, na sanamu ya Lenin ilisimama mbele kidogo, ikiupa mnara mgongo.

Nilipokea shahada yangu na kuondoka Julai 1988. Kiangazi hicho hicho, nami nikifunga masanduku, ilizaliwa Harakati ya Uhuru wa Taifa ya Latvia, na miongoni mwa waasisi wake alikuwa mzee wa miaka 74, Eduards Berklavs. Mzee yule na mimi tulikuwa katika mji mmoja. Ningeweza kumpisha kiti ndani ya basi nisijue ni nani. Nikapanda ndege na redio yangu.

Mambo yakaenda mbio. Mei 1989 sheria ikakifanya Kilatvia lugha ya serikali. Mei 4, 1990, wajumbe 138 wa Baraza Kuu walipiga kura ya kurudisha uhuru, na Berklavs alikuwa miongoni mwao. Agosti 1991 uhuru ukawa kamili, na sanamu ya Lenin ikaondolewa mwezi huo huo.

Nilirudi Riga Juni 2017. Barabara ya Lenin sasa inaitwa Brīvības, yaani Uhuru. Chuo cha Ufundi hakina tena jina la Pelše. Majengo ya VEF yana ofisi na maduka. Lile duka la mikate linauza simu za mkononi. Nikatafuta mkate mweusi mahali pengine, nikamsalimu binti wa dukani kwa Kirusi changu ambacho nilikijivunia miaka yote, naye akanijibu kwa Kiingereza, kwa adabu, kwamba lugha hiyo haijui. Nikakumbuka neno langu moja. "Paldies," nikasema. "Lūdzu," akajibu, akatabasamu. Karibu miaka 33 ilikuwa imepita.

Bwenini nilipouliza habari za Shangazi, waliomjua walikuwa wameondoka. Lakini nilielezwa yaliyowapata walio kama yeye. Baada ya uhuru, uraia ulirudishwa kwa waliokuwa raia kabla ya Juni 1940 na vizazi vyao. Waliohamia baadaye, zaidi ya watu 700,000, walibaki si raia, wakapewa pasipoti ya pekee yenye rangi ya zambarau. Kupata uraia kulihitaji mtihani, na lugha ya Kilatvia ilikuwamo ndani ya mtihani huo. Msimamo huo mkali ndio uliosukumwa na harakati ya Berklavs. Nimemheshimu sana mzee huyu, na kwa sababu hiyo sitaficha kwamba hili liliniuma. Mwaka 1956 alitaka mtumishi wa ofisi ajifunze lugha. Baada ya 1991 bibi kizee aliyewachemshia wageni maziwa akaambiwa hana nchi mpaka afaulu mtihani. Kati ya Berklavs wa kwanza na Berklavs wa pili kuna miaka thelathini ya dharau, na dharau hailei watu wapole. Walioizima sauti yake ilipokuwa laini ndio walioirudisha ikiwa ngumu.

Kwa hiyo hukumu yangu juu yake ni hii. Alitumikia utawala uliotenda maovu, na hilo litaandamana na jina lake. Alipofumbua macho alisema kweli akiwa kitini, wakati kusema kulikuwa na gharama, akailipa gharama hiyo kwa miaka karibu thelathini bila kuomba radhi asiyopaswa kuiomba. Kumbukumbu zake alizichapisha kwa jina linalomaanisha kujua na kutosahau. Pelše alipata ukuta wa Kremlin. Berklavs alipata kuishi hadi tarehe 1 Mei 2004, siku ambayo Kilatvia, lugha ya watu wasiofika milioni mbili, kilihesabiwa miongoni mwa lugha rasmi za Umoja wa Ulaya. Alifariki Riga tarehe 25 Novemba mwaka huo huo, akiwa na miaka 90.

Wewe kijana unayefunga sanduku leo kwenda kusoma ugenini, iwe Ulaya, China, Ghuba au hapo jirani, nakuomba jambo moja. Ukisha kujifunza lugha ya darasani na ya mtihani, muulize muuza mikate anasemaje asante nyumbani kwake. Ukikuta ni lugha nyingine, uliza kwa nini haisikiki mjini. Mimi sikuuliza, nikamdhania mabaya mama wa watu mwaka mzima, na nikaandika kwenye mtihani kwamba mtu mwema amekosea.